Simu Niliyoitosa Kwenye Ndoo

Maneno yalianzia kwenye meza ya pasi. Pale kwenye duka letu la dobi tunafanya kazi wawili. Mimi nafua, mwenzangu anapiga pasi, naye tunamwita Mama Mkaa kwa sababu alianza kazi hii enzi za pasi za mkaa. Siku hiyo aliingia hata khanga hajaitundika.

"Shoga, umezipata? Kuna binti wa shule, picha zake za utupu zinatembea kwenye simu za watu. Eti mpaka muuza vocha anazo!"

"Binti wa nani?"

"Jina sina. Wanasema ni wa mitaa hii hii."

Nilikuwa nafikicha kola ya shati. Nikacheka, Mungu anisamehe. Nikasema, "Na huyo mama yake alikuwa analea mtoto au anafuga kuku? Angekuwa wangu, asingelala kwangu hata usiku mmoja." Tukacheka mpaka Mama Mkaa nusura aunguze mkono wa shati la mteja.

Nilipogeuka, binti yangu alikuwa amesimama mlangoni na sare za shule, simu ameikumbatia kifuani. Ana miaka kumi na minne, ni kitinda mimba wangu. Nyumbani tunamwita Chiriku, maana tangu ajue kusema hajui kunyamaza. Hata akioga anaongea na ndoo.

"Mama, nina kitu nataka kukwambia."

"Sema, mwanangu."

Akamtazama Mama Mkaa. Akanitazama mimi.

"Nimesahau."

"Ukikumbuka utaniambia," nikasema, nikarudi kwenye kola yangu.

Ule uvumi haukunitoka. Kila binti aliyepita dirishani nilijiuliza, je, ni huyu? Au yule mwenye viatu vyekundu? Niliwapekua wote kwa macho. Wa kwangu sikumtazama. Baadaye nilikuja kujua kwamba yule wa uvumi alikuwa mtoto mwingine kabisa, lakini wakati huo wangu naye tayari alikuwa motoni.

Chiriku aliponyamaza, nikasema amekua. Alipoacha kula, nikasema ni mitihani. Zikapita wiki sita, mpaka mwalimu wake wa darasa akamleta mwenyewe pale dukani, amemshika mkono.

"Mama, mtoto ameanguka darasani. Hajala tangu jana. Na hiyo simu yake ikilia tu, anatetemeka."

Nikampeleka nyuma, kwenye mashuka tuliyoanika, na huko ndiko alikonieleza. Mtandao wa kijamii wenyewe ndio uliomletea mtu anayemtisha. Ulimwandikia, "Huenda mnafahamiana," ukamwonyesha msichana wa rika lake, anayependa kuchora kama yeye. Wakatumiana michoro miezi miwili, wakataniana, wakaitana pacha. Kisha pacha akaomba picha moja ya siri, ya kuaminiana. Chiriku alipoituma, siku ileile yule msichana akageuka mwanaume. Kila saa kumi, watoto wakitoka shule, alitaka picha nyingine. Asipopewa, atazituma kwa darasa zima na kwa mama yake.

"Kwa nini ulituma? Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja, mama. Siku ile mlipokuwa mnacheka."

Nikalivuta shuka lililokuwa limenyooka tayari.

"Nikawaambia wenye mtandao," akaendelea, machozi yanamtiririka. "Kuna kitufe cha kushtaki. Nilikibonyeza mara tatu. Wakanijibu mara tatu: tumepitia, hatukuona kosa."

Sasa nieleze nilichofanya, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike.

Sisi madobi doa bichi hatulisubirishi. Unaliondoa kabla halijashika. Ndiyo kazi ninayoijua tangu nimalize shule ya msingi. Basi nikachukua ile simu. Nikafuta ujumbe mmoja baada ya mwingine, vidole vina sabuni. Nikafuta na yale majibu matatu ya wenye mtandao. Nikamwambia Chiriku anionyeshe akaunti yake inafutwa wapi, nayo ikaenda. Halafu nikaitosa simu kwenye ndoo ya dawa ya madoa. Miaka ishirini na tisa nimepekua mifuko ya watu kuziokoa simu zao zisilowe. Ya mwanangu niliizamisha kwa mkono wangu, nikaishikilia mpaka mapovu yakaisha.

"Yamekwisha," nikamwambia.

Hayakwisha. Yule mtu alikuwa na nakala zake. Siku ya tatu alizituma kwa wanafunzi wanaosoma na binti yangu. Chiriku hakurudi shule tena.

Miezi mitano baadaye nikasikia kuna wakili, mwanamke kijana, anawakusanya wazazi ili waishtaki kampuni yenye mtandao ule. Hoja yake ilikuwa rahisi, hata mimi niliielewa. Kampuni iliwakutanisha watoto na watu wasiojulikana, ikalalamikiwa, ikapuuza, basi nayo iwajibike. Nikaenda na gauni langu la sherehe, nimelipiga pasi mara mbili.

Wakili alinisikiliza mpaka mwisho, macho yakimng'aa.

"Mama, kesi ya binti yako ndiyo nzito kuliko zote. Aliwaambia mara tatu! Nipe yale majibu yao."

"Nilifuta."

"Jina la akaunti ya yule mtu?"

"Nilifuta."

"Basi tuwape mafundi hiyo simu, huenda..."

Nikamweleza habari ya ndoo. Akaweka kalamu chini taratibu, kama mtu anayetua kikombe kilichojaa.

Hata hivyo aliwaandikia. Jibu lilikuja, ukurasa mmoja tu. Kumbukumbu za akaunti ya Chiriku hazipo tena, zimefutwa kwa ombi la mtumiaji mwenyewe. Mtumiaji mwenyewe, yaani mimi.

Wale wazazi wengine kesi yao inasikilizwa hivi sasa. Chiriku hayumo. Wakili alisema labda aje aeleze kwa mdomo, wataona itasaidia kiasi gani. Nikampelekea habari kwa dada yangu, anakoishi sasa kwa sababu kule hakuna anayemjua. Nilimkuta anakunja nguo, kona kwa kona, kama nilivyomfundisha.

"Nimeshasema, mama," akanijibu bila kuinua uso. "Kwao mara tatu. Kwako nilikuja mpaka mlangoni."

Mwaka huu hajaniambia maneno mengi kuliko hayo. Akaendelea kukunja.

Mimi si msomi, siwezi kuandika kama wakili. Wewe mzazi, haya ndiyo ya kuepuka:

Usifute kitu, hata kama kinakutia aibu. Piga picha ya skrini, andika jina la akaunti, tarehe na saa.

Simu usiitie maji, usiivunje, usiiuze.

Usimwache mtoto amtii yule mtu hata mara moja zaidi. Akipata moja atataka nyingine.

Usitosheke wenye mtandao wakisema hawakuona kosa. Lihifadhi jibu lao, lipeleke polisi, lipeleke kwa wakili.

Usianze kwa kumuuliza kwa nini alituma. Mimi nilianza hivyo.

Usimcheke mtoto wa mwenzio. Hujui nani amesimama mlangoni.

Mtoto akisema ana kitu cha kukwambia, kisha akasema amesahau, usirudi kwenye kazi yako.