Habari za Ziwa Kutoka kwa Ruphin

Mwaka 2017 vita vilifunga barabara za kwenda kusini, na kwa watu wa Kalemie waliotaka kufika Moba ikabaki njia ya ziwa peke yake. Mwalimu Émérence alikuwa hajamwona baba yake, Papa Onésime, kwa miaka mitatu. Mzee aliishi Moba na Ruphin, mdogo wake Émérence, ambaye Émérence mwenyewe alimbeba mgongoni tangu mama yao alipofariki. Vakansi, likizo ndefu ya shule, ilipokaribia, mwalimu aliapa kwamba safari hii lazima afike.

Jirani yake, Mama Djamila, alimkuta anafunga mizigo, akacheka.

"Mwalimu, unataka kukaa bandarini siku tatu juu ya magunia, kama zamani? Simu unayo, ndugu unaye kule. Akuambie kwanza maji yakoje, na kama watu wanafika salama, njo utoke kwako."

Émérence aliona ni shauri zuri. Alimpigia Ruphin, naye akakubali mara moja, akimwita yaya kama alivyozoea kumwita dada yake mkubwa.

"Usihangaike, yaya. Mimi njo macho yako huku."

Basi mambo yakawa mepesi kuliko alivyotegemea. Kila siku alimtumia Ruphin ujumbe wa sauti ili Papa asikilize, kwa kuwa mikono ya mzee ilitetemeka na simu hakuweza kuishika. Alimweleza habari za wanafunzi, za wakimbizi waliojaa kandokando ya mji, na za kitenge alichomnunulia. Ruphin alijibu kwa maandishi: "Amesikia. Amecheka sana. Anasema umuletee tumbaku ya kunusa."

Wiki ya kwanza ya Julai, begi likiwa tayari mlangoni, Ruphin alipiga simu. "Yaya, usitoke! Upepo umepindua boti karibu na Zongwe." Émérence alikaa kitini akamshukuru Mungu. Wiki iliyofuata ilikuwa habari ya askari: wanawarudisha abiria, wanawanyang'anya mizigo. Mwisho wa mwezi ikaja picha. Mawimbi meupe yalikuwa yanapiga gati la Moba, na boti moja ya rangi ya kijani imelala ubavu. Chini yake Ruphin aliandika: "Mawimbi bado. Vumilia."

"Na Papa?" Émérence aliuliza.

"Amelala. Miguu inamuvimba kidogo tu."

Siku kumi baadaye Djamila alikuja na shemeji yake Mahmoudi, nahodha wa boti ya mbao, aliyekuwa amefika kutoka Moba asubuhi ile. Émérence alimpa pole kwa mawimbi.

"Mawimbi gani, Mama?" Mahmoudi alishangaa. "Tangu Julai nimekwenda na kurudi mara nne. Ziwa limetulia kama mafuta kwenye sahani."

Émérence alimwonyesha ile picha. Nahodha aliichukua simu, akaisogeza karibu na macho.

"Boti hii ya kijani ilikuwa ya marehemu rafiki yangu," alisema. "Ilivunjwa kuni mwaka juzi. Nani amekutumia picha hii?"

Émérence aliipokea simu yake. Alifikiri labda Ruphin mwenyewe amedanganywa na mtu, labda picha imechanganyika na nyingine. Alimtafutia udhuru huu na ule mpaka ukamwishia. Kesho yake alipanda boti ya Mahmoudi bila kumwambia mtu yeyote wa Moba.

Njia nzima ziwa halikumrushia hata tone la maji.

Alipopanda mlima kwenda nyumbani kwao, wa kwanza kumwona alikuwa Mama Générose, jirani mzee wa baba yake. Bibi huyo aliweka ndoo chini.

"Kumbe umekuja," alisema, na sauti yake haikuwa ya kukaribisha. "Sasa umekuja kufanya nini? Tulimuzika bila wewe."

"Mulimuzika nani?"

Mama Générose alimtazama usoni. Uso wake ukabadilika. "Mwanangu, hukuambiwa? Papa yako ana siku kumi na moja kwenye udongo. Ruphin alisema umekataa kuja."

Siku kumi na moja. Émérence alihesabu, akakumbuka. Picha ya mawimbi ilimfikia siku ile ile ya maziko.

Ruphin alikuwa uani anamenya mihogo. Alipomwona dada yake, kisu kilimponyoka. Alikuwa amekonda, nywele zimenyolewa, na macho yake hayakupanda juu ya magoti ya Émérence.

"Nipe simu yako," Émérence alisema.

Alimpa. Sauti zake zote zilikuwa humo, zimepangana, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Hata moja haikuwa imefunguliwa.

"Ulisema alicheka."

"Yaya..."

"Ulisema alicheka, Ruphin!"

Kijana alianza kusema kwa haraka, kama anayeogopa kukatizwa. "Nilimuosha mimi. Nilimulisha mimi, nikamubeba mpaka chooni, miaka mitatu. Na kila asubuhi akifungua macho anauliza, Émérence ameamkaje? Siku hata moja hakuuliza Ruphin amelalaje. Wewe ungekuja siku tano na kitenge, na mimi ningekuwa kama sikuwako. Nilitaka mwezi mmoja tu awe baba yangu. Nilifikiri atapona, utamuona Desemba."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba una kazi nyingi. Kwamba hutaki kuja."

"Naye akasema nini?"

Ruphin aliinama kuokota kisu. Mama Générose, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa ua, ndiye aliyejibu, polepole. "Alisema, 'Labda nilimukosea mahali.' Alikuwa anatafuta kosa lake mpaka siku ya mwisho."

Émérence alikaa chini kwenye udongo. Kilio hakikuja. Alijiona kama mtu aliyekula kitu kibovu akakisifu.

Hakulala katika nyumba ya baba yake. Alikaa kwa Mama Générose wiki nzima, na kila asubuhi alikwenda kaburini akasema kwa sauti, bila kujali wapita njia: "Papa, hukunikosea. Mimi sikukataa." Alirudia hivyo kila siku, ingawa alijua amechelewa. Siku ya nne Ruphin alimfuata na jembe, akaanza kupalilia pembeni mwa kaburi. Émérence hakumfukuza. Hakumsemesha pia.

Siku ya kuondoka Ruphin alimbebea begi mpaka bandarini.

"Nilaani, basi," alimwomba. "Kuliko kunyamaza hivi."

"Sitakulaani. Ulimuosha baba yetu, na hilo siwezi kulifuta. Lakini neno lako sitaliamini tena, hata ukiniambia kumekucha."

Alipanda boti bila kugeuka. Walipofika usawa wa Zongwe ndipo machozi yalipomjia, yote kwa pamoja. Mwanamke mmoja asiyemjua alimsogelea, akamfunika mabega kwa kitenge chake, wala hakumwuliza kitu.