Mkono wa Fundi Saa

Maabarani walimwita Mizani, kwa sababu hakuwa mtu wa kupima kitu mara moja akaridhika. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akikamua majani, mizizi na magome, na mwaka ule zamu ilikuwa ya jani moja la porini ambalo watu hulitwanga na kulibandika mahali palipovimba. Alililoweka kwenye spiriti, akaichuja, akaikausha ukabaki unga wa kijani, kisha akauchanganya na jeli. Ilibaki kujua kama kweli linatuliza ngozi, au ni sifa za mtaani tu.

Washiriki walikuwa thelathini, wote wenye ukurutu mikononi. Mkono mmoja ulipakwa jeli yenye dawa, mwingine jeli tupu. Upi ni upi, hata Mizani hakujua. Siri ilikaa ndani ya bahasha kabatini kwa mkuu wa maabara. Kila Jumatatu na Alhamisi walikuja, Mizani akawapima wekundu na uvimbe, akaandika.

Wa kwanza kufika siku zote alikuwa mzee mmoja, fundi saa, aliyefunga kibanda chake watu walipoanza kutazama saa kwenye simu. Mkewe alikuwa amefariki. Aliketi, akakunja mikono ya shati, mikunjo minne kulia, minne kushoto.

"Umeamkaje, daktari?"

"Mimi si daktari, baba. Nimeamka salama. Mkono unawasha?"

"Unawasha, lakini kwa adabu."

Kipimo kilitakiwa kuchukua dakika tano. Kwa fundi saa kilichukua ishirini, na Mizani hakuona tabu. Nyumbani kwa Mizani palikuwa na redio na kiti kimoja kilichochakaa kuliko vingine. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mbali, na kila akipiga simu aliaga kabla hajasalimia vizuri: "Mama, nitakupigia baadaye." Kuna wiki zilipita bila Mizani kugusa mtu isipokuwa mikono hiyo ya washiriki.

Wiki ya tano mambo yakaharibika. Wengi walikuwa na mkono mmoja unaotulia, lakini mikono ya fundi saa ilikuwa imewaka yote miwili, myekundu kama pilipili.

"Hiyo jeli yako inaunguza watu?" mkuu wa maabara akauliza. "Hali yake ikizidi kufikia Alhamisi, nasimamisha kila kitu."

Alhamisi Mizani alivuta taa karibu, akachukua lenzi. Katikati ya wekundu aliona mistari myembamba iliyolingana kama meno ya kitana. Kucha za mtu hazikwaruzi hivyo.

"Baba, unajikuna na nini?"

"Sijikuni."

"Basi ni jeli. Na kama ni jeli, leo tunafunga kazi. Watu ishirini na tisa wanarudi nyumbani na mwasho wao."

Mzee alirudisha mikono yake mapajani.

"Ni brashi ya shaba," akasema. "Ile ya kusugulia mikanda ya saa."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu. Ulitusomea karatasi, ukasema atakayepona hata mkono mmoja hatakuwa na haja ya kuja mara mbili kwa wiki, atakuja mara moja mwisho wa utafiti. Na huu wa kulia ulikuwa umeshapona."

"Na wa kushoto?"

"Niliusugua ili ilingane. Mimi ni fundi."

Mizani nusura acheke. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya mtu anayeyalea maradhi yake ili aulizwe ameamkaje.

"Nyumbani naweza kukaa siku tatu sijasikia sauti yangu," mzee akaongeza polepole, kama anayesema habari za mtu mwingine.

"Itabidi nikutoe, baba."

"Hata Alhamisi moja haiwezekani?"

"Vipimo vyako vitaharibu vya wenzako."

Mizani akaandika yote kama yalivyokuwa, hata neno "brashi". Mzee akateremsha mikono ya shati, akaomba radhi, akaondoka.

Utafiti ukaendelea. Bahasha ilipofunguliwa, washiriki ishirini na mmoja kati ya ishirini na tisa walikuwa wamepungua uvimbe kwenye mkono wenye dawa. Watu walipiga makofi, wakanywa soda. Mizani akampigia binti yake.

"Hongera, mama! Nitakupigia baadaye."

Kesho yake asubuhi alitoa kanuni za utafiti, akazisoma mara mbili, kisha akaenda kwa mkuu.

"Hapa imeandikwa, mshiriki aliyeumia afuatiliwe mpaka apone."

"Kajiumiza mwenyewe yule!"

"Kanuni haisemi kaumizwa na nani."

Mkuu alimtazama, akatikisa kichwa, akatia saini.

Fundi saa alikuja Alhamisi tatu. Mara ya kwanza aliona haya hata kuketi. Ya pili alimweleza jinsi saa ya mkono inavyofunguliwa, na Mizani akasikiliza hadi chai yake ikapoa. Ya tatu, ngozi ilikuwa safi. Mizani alipitisha lenzi mkono wa kulia, akapitisha wa kushoto, akarudia.

"Nimepona?"

Angeweza kuandika "bado kidogo". Hakuna ambaye angekagua.

"Umepona, baba," akasema, akaandika hivyo hivyo.

"Sawa." Mzee alisimama. "Na wewe Jumatatu utafanya nini?"

Ilikuwa muda mrefu tangu mtu amuulize siku zake zinakwendaje.

"Kuna gunia la magome limeletwa. Nitaanza kulichambua."

"Ni kazi ya mtu mmoja?"

"Ya mtu mmoja."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akampa mkono, akatoka. Jumatatu Mizani alifika mapema kuliko kawaida. Kwenye benchi la mlangoni, mzee alipozoea kumngojea, hapakuwa na mtu. Alifungua, akawasha taa, akaliburuta lile gunia mpaka mezani.