Mstari Juu ya Barafu

Ramani kwenye simu ya Gulsim haikujali barafu. Ilichora mstari tu, mwembamba, kukatiza Ziwa Balkhash lililoganda: ukisimama juu yake utaiona satelaiti ikipita mbele ya jua, ukisimama pembeni utaona jua tupu kama watu wengine wote. Na asubuhi hiyo satelaiti ilikuwa imesogezwa kidogo huko juu, mstari nao ukahamia mbali zaidi na ufuko.

Wavuvi walikwisha kung'oa mahema yao. Gulsim aliyaona matundu ya kuvulia waliyoacha kwenye barafu, yamefurika maji, akayapita kama hakuyaona. Mara tatu mawingu yalimnyima picha ya satelaiti hiyo. Leo hapakuwa na wingu hata la kusingizia.

"Shemeji," alisema Medet, mdogo wa mumewe, miguu ya darubini begani, "nikizama, kaka utamwambia nini?"

"Tumbo hilo lizame? Litaelea mpaka China. Weka hapo."

Medet akacheka, lakini alitembea akiburuta nyayo. Chini yao barafu ilitoa mlio mrefu, kama mtu anayesogeza kabati chumba cha chini.

Wakaisimamisha darubini, kioo cheusi mbele, kamera nyuma. Kila Gulsim alipoliweka jua katikati, liliteleza. Alilaumu upepo, na upepo haukuwepo. Ile miguu ya chuma, myeusi, ilikuwa imeshika joto na inazama taratibu.

"Shemeji, viatu vyangu vimelowa."

"Nusu dakika tu."

"Shemeji, sasa sitanii."

"Nyamaza, Medet!"

Satelaiti ikapita. Kidoa cheusi chenye mabawa, ukingo hadi ukingo wa jua, kufumba na kufumbua. Gulsim akapiga vigelegele, akageuka amkumbatie shemeji yake, akamkuta yumo majini hadi mabegani.

Medet hakupiga kelele. Alikuwa akimtazama tu.

Gulsim akajitupa kifudifudi, akaivuta darubini nzima, akamsukumia ile miguu ya chuma. "Shika!" Medet akashika. Alipojivuta, bomba la darubini likachomoka pamoja na kamera na picha yake, vikateleza shimoni bila kishindo. Gulsim hakuvitazama. Alikuwa ameukamata ukosi wa koti la Medet, anavuta huku amekaza meno, mpaka akamtoa.

Wakaanza kutambaa kuelekea ufukoni, kila mmoja mbali na mwenzake, wasiilemeze barafu pamoja. Utani ulikuwa umekwisha. Ufuko ulionekana mdogo kuliko walivyouacha, na jua ndiyo kwanza lilikuwa linapanda.