Mashini Yaenda Lusangi

Asma alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mji mzima wa Kasongo uliujua. Kila asubuhi alifungua nyumba ya mashini ya kukoboa mpunga, akafagia, akapangusa injini mpaka ikang'aa, kisha akaketi mlangoni na kitenge chake safi kama anayengoja wageni wa harusi. Wageni hawakuja. Barabara ilikuwa imeoza, na pikipiki zilipanda bei mpaka mkulima akaona heri atwange kwa kinu. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Yassine, mdogo wake, alisema mvumilivu huyu atakula kutu.

Mashini aliiacha baba yao, marehemu Faradji, na uongozi wake alimwachia Asma. Wajomba waliguna, lakini maneno ya marehemu hayana rufaa. Sasa Clovis, tajiri mmoja wa machimbo ya dhahabu, alikuwa anaitaka ile injini ivute maji mashimoni. Ukoo ukakaa kwa mama yao, Nuru, ukakata shauri: mavuno haya yakipita kimya, injini iuzwe.

“Yaya, biashara ilikufa na baba,” Yassine akamwambia dada yake. “Kitu iko pale ni chuma tu.”

“Mpunga iko,” Asma akajibu. “Iko Lusangi, imejaa ndani ya maghala. Kama yenyewe haiwezi kutufuata, siye tutaifuata.”

“Na muchele nani atanunua? Watu hawana kitu!”

“Wale wachimbaji wa Clovis wanakulaka nini? Mawe?”

Mama Nuru alicheka mpaka akashika mbavu. “Mupeleke,” akasema, akijifuta machozi. “Sijaonaka mashini yenye mizizi.”

Basi wakaondoka. Injini ilifungwa kwenye pikipiki moja, kinu chake cha kukobolea kwenye nyingine, mafuta ya mazutu kwenye ya tatu. Walifika mahali ambapo matope yalimeza magurudumu, na madereva, watu wenye akili zao, wakageuza. Yassine na binamu zake, Kassimu na Bulaimu, wakakata miti, wakaifunga injini juu yake, wakaiweka mabegani pamoja na vijana waliowakuta njiani, na kinu vivyo hivyo. Asma alijitwisha dumu la mazutu, akajivika mkanda wa mashini shingoni, akatangulia. Yassine alilalamika njia nzima, lakini bega hakulitoa, na hilo Asma aliliona.

Kijijini Lusangi waliwakuta wanawake wamesimama katikati ya njia na majembe mikononi.

“Murudie pale pale!” alifoka mmoja, mrefu, jina lake Victorine. “Hapa hatuchimbishi mutu!”

Asma akaduwaa. Kisha akaangalia nyuma, akaona wanachokiona wao: vijana wenye matope mpaka magotini, injini mabegani, miti inalia kwa uzito. Wachimbaji huingia kijijini hivyo hivyo. Mwaka uliopita walikuja watu na injini ya kuvuta maji, na bonde moja la mpunga likageuka mashimo.

“Mama zangu, hii ni ya kukoboa,” akasema.

“Wale pia walikujaka na maneno ya sukari,” Victorine akajibu, na majembe hayakushuka.

Yassine akamsogelea dada yake. “Yaya, tuuze tu. Clovis iko karibu hapa. Hatutairudisha hata Kasongo.”

Ilikuwa njia rahisi mno, na kila bega pale lilikuwa linaiomba. Lakini injini ikiuzwa, ndiyo imeuzwa. Hakuna ambaye angelitaja tena jina la Faradji pamoja na mpunga. Asma akaamuru injini iwekwe pale pale njiani, kinu kifungwe juu ya magogo, mkanda uvutwe. Akafungua kifurushi cha mpunga walichobeba kwa chakula chao wenyewe, akaumimina wote kinuni. Wabebaji wake walimtazama kwa huzuni.

Yassine akazungusha mkono wa kuwashia. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza, ikakohoa tena, kisha ikanguruma.

Nyuma ya wanawake, bibi mmoja akaangusha jembe.

“Muwaache!” akasema, akijipenyeza mbele. Alikuwa Mama Emilienne. “Hii kikohozi naijua! Nilikuwa nabebaka mpunga kwa kichwa mpaka Kasongo, nikisikia hii kikohozi najua nimefika. Hii mashini ni ya Faradji!” Akamshika Asma kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga. “Na weye ni mutoto wake.”

“Ni miye, mama.”

Asma akalia mbele ya watu wote, na hakuona haya. Mchele ukawa unashuka kwenye beseni, mweupe, mzima, na Victorine akauchota kiganjani, akautazama, akaenda kuita watoto walete magunia.

Kesho yake mchana mstari wa mabeseni ulifika kanisani. Kwa kila beseni Asma alitwaa kopo moja la mchele, kama baba yake, na wapishi wa machimbo walikwisha fika kuulizia bei ya mchele huo. Ndipo ilipokuja pikipiki moja kwa fujo, na Clovis akashuka, meno yote nje.

“Yassine! Umeniletea injini mpaka mulangoni! Kuja tuongee.”

Asma alisikia. Alikuwa ameinama kwenye mashini, nyusi zimejaa makapi, na hakuinua uso. Alitaka kumsikia mdogo wake akijibu bila kutazamwa.

Yassine alijifuta jasho kwa mkono. “Injini ni ya nyumba yetu,” akasema kwa sauti iliyoshinda ngurumo, “na mukubwa wa nyumba ni yaya Asma.”

“Basi nimuone yeye.”

“Utamuona. Lakini shika mulongo, ndugu yangu. Hawa mama walifika mbele yako.”

Clovis akacheka, akidhani ni mzaha. Hakuna aliyecheka naye. Akazima pikipiki, akatembea mpaka mwisho wa mstari, akasimama nyuma ya Mama Emilienne.