Vumbi la Kijivu la Pikapu Nyeupe

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, Hénoch alifungua boneti ya pikapu nyeupe ya kampuni, akalegeza vibanio vinne vya sanduku la hewa, akatoa filtre, lile chujio la hewa, na kuigonga mara tatu kwenye tairi. Vumbi lililoanguka lilikuwa la kijivu. Alilipapasa kwa kidole gumba. Lilikuwa zito, la kukwaruza, kama mchanga wa kusugulia sufuria.

Sasa, yeyote aliyewahi kuanika shuka jeupe Kamina anajua vumbi la mji huu ni jekundu. Jekundu kwenye shuka, jekundu kwenye nywele, jekundu mpaka kwenye sahani ya bukari, ugali wa huku, ukichelewa kuifunika. Na pikapu ile haikuwa ya safari. Ilitoka gereji ikaenda stesheni, ikaenda sokoni, siku nyingine ikafika Base, kituo cha jeshi, na mambo ya chef Théo, mkuu wa kampuni pale Kamina. Vumbi la kijivu Hénoch alilijua mahali pamoja tu: kwenye kokoto za njia ya reli, ambako kampuni hiyo ilipewa kazi ya matengenezo. Na pikapu haitembei juu ya mataruma. Basi akalikusanya kwenye kopo la maziwa, akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe aliagizwa na chef. Gari haikuwa na nguvu.

"Jana ba-vélo balinipita mu kilima," chef alikuwa amemwambia, na uso wake ulionyesha kweli ameumia kupitwa na baiskeli za makaa. "Ba-vélo, Hénoch! Tena bamebeba makala. Turbo yenyewe iko wapi?"

Turbo ilikuwepo. Hénoch ametengeneza dizeli miaka kumi na minane, na ana imani moja ambayo huwezi kumtoa: mafuta ni chakula, lakini hakuna anayekula vizuri akiwa amebanwa pumzi. Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa nyingi zaidi. Ukiiziba mdomo, au ukiitoboa koo, inazunguka bure. Akawasha injini, akainama, akasikiliza. Fiii, kh. Fiii, kh. Mpira wa kupitishia hewa, ule unaotoka kwenye turbo kwenda kwenye radieta ndogo ya kuipoza, ulikuwa na ufa wa ukubwa wa ukucha.

Mluzi huo aliujua. Aliusikia miaka mitatu kupitia ukuta wa nyumba yake pale kambi ya wafanyakazi, ukitoka upande wa jirani yake mzee, tata Ngandu Urbain.

Tata Ngandu alipasua na kupanga kokoto za kampuni hiyo miaka thelathini na mmoja, bila hata kitambaa cha kujifunga puani. Sasa kifua chake kimejaa, na kwa miaka mitatu hajalala kitandani. Hulala amekaa, kichwa juu ya mto, mto juu ya meza, kwa sababu akijilaza tu pumzi inakatika. Mke wake, mama Agar, kiongozi wa kwaya ya akina mama pale kanisa la Methodiste, hakuwahi kuficha jambo hilo. "Bwana niko naye," husema, "lakini kitanda kiko yangu peke yangu." Watu hucheka, naye hucheka wa kwanza. Lakini Hénoch, jirani wa ukuta mmoja, alijua kwamba kitu anachokiomba kila siku kwa Mungu ni hicho tu: mzee ajilaze, hata mara moja, pale upande wake.

Saa nne Hénoch alibadilisha ule mpira. Saa tano mama Agar aliingia gereji na mwavuli wake, akaketi juu ya kreti ya betri.

"Hénoch, saa ine ulikuwa unafanya nini?"

"Nilibadilisha mpira ya turbo, mama."

"Njo vile. Ndiyo maana saa ine nilisikia gari inawaka, mluzi ya tata ikakata." Akajifuta jasho shingoni. "Na asubuhi, sijue saa moja na nusu, alipiga chafya mara tatu. Vumbi ilimutoka mu pua."

"Ya rangi gani?"

"Ya kokoto."

Hénoch akampa kopo la maziwa. Mama Agar akatazama ndani, akatikisa kichwa kukubali.

"Njo yake," alisema.

Wakaenda wote wawili kuulizia gari hiyo ofisini kwa Mathilde, karani wa kampuni, ambaye pia huimba sauti ya pili katika kwaya ya mama Agar. Mathilde alifungua kitabu kikubwa cha namba za kampuni, akapitisha rula mpaka mstari wa 417. Palikuwa na jina la Ngandu Urbain, mpanga kokoto, limekatwa kwa wino mwekundu. Juu yake, kwa mwandiko huohuo mzuri wa Mathilde, paliandikwa: pikapu, nyeupe, yenye turbo.

"Alipougua, banamukata," Mathilde alieleza. "Wiki ileile gari ikafika. Kitabu kilikuwa kimejaa. Chef akasema niandike palepale, mustari usipotee."

"Kumbe ku kliniki njo maana," mama Agar alisema. Mara tatu alimpeleka mzee kwenye kliniki ya kampuni, na mara tatu muuguzi alitazama namba, akarudisha karatasi: hii ni ya gari, gari haiandikiwi dawa. "Sasa tata iko gari?"

"Hapana, mama. Gari njo iko tata."

Mama Agar akauinamia mstari ule.

"Na gari banaitunza namna gani?"

Mathilde akavuta daftari jingine, hili jipya, lenye jalada la plastiki. Filtre kila miezi mitatu. Mipira, ikichakaa tu. Oili, maji, ukaguzi wa hewa. Kurasa zote zilikuwa na muhuri, ingawa mpaka Jumatatu ile sanduku la hewa lilikuwa halijafunguliwa hata mara moja.

"Bon," mama Agar alisema, akainuka. "Hénoch mwanangu, fanya kazi."

Na Hénoch akafanya kazi, wacha! Wiki ile hakugusa gari nyingine. Aligundua kwamba sanduku la hewa lilikuwa linavuta hewa ya moto nyuma ya radieta, akalikatia kinga ya bati. Mchana huo tata Ngandu aliomba maji, akanywa, akasema kifuani mwake kumekuwa asubuhi. Radieta ndogo ilikuwa imezibwa na mbegu za majani na mabawa ya kereng'ende. Akaiosha kwa brashi laini, na mzee akatembea mpaka bombani akarudi bila kushika ukuta. Bomba la hewa la gari lilikuwa na kona mbili kali. Akatia bomba moja pana lenye mpindo wa taratibu, akabana kila kiungo kwa pete ya chuma. Hapo mzee akapata sentensi ndefu. Zamani alikuwa anatoa maneno matatu, anapumzika, anatoa mengine matatu. Sasa alimaliza hadithi ya kima aliyepanda kitoroli cha reli, hadithi aliyoianza mwaka juzi. Kambi nzima ilikuja kusikia mwisho wake. Ukweli ni kwamba kima aliteremka tu. Watu walipiga makofi hata hivyo, na mzee akafurahi sana.

Kazi iliyobaki ilikuwa kupandisha mdomo wa bomba juu ya paa la gari, kwenye hewa isiyo na vumbi. Hénoch aliipanga Jumamosi.

Alhamisi chef Théo alipanda kile kilima kwa gia ya nne. Alipiga honi kuwasalimu wabeba makaa wa baiskeli. Sasa utamu ulimwingia kichwani, na mtu wa utamu hatosheki. Rafiki yake mmoja wa Base akamwambia filtre ni barakoa tu, ukiivua gari inaruka. Ijumaa asubuhi, kabla Hénoch hajafika, chef alilegeza vibanio vinne kwa mkono wake mwenyewe, akatundika filtre kwenye msumari, akaondoka kuelekea Base nyuma ya malori mawili ya mchanga.

Hénoch aliikuta filtre ukutani saa mbili na dakika kumi. Wakati huohuo akasikia mama Agar akimwita kutoka kambini, na haikuwa sauti ya kwaya. Hakuuliza. Aliitia filtre ndani ya shati, akasimamisha moto, pikipiki ya kwanza iliyopita, akamwambia mwenye moto: Base, mbio, nitakueleza mbele. Njiani alilishikilia shati lisifunguke. Malori yalikuwa yameacha vumbi la kumezwa, na kila alipokohoa alimfikiria mzee.

Aliikuta pikapu kwenye kizuizi cha Base, injini inanguruma, chef amekaa ndani ana vumbi hadi kwenye kope, askari anasoma karatasi.

"Chef, zima gari."

"Kuko nini?"

"Tata Ngandu iko nakufa ku camp."

Chef akazima. Hakuuliza mzee na gari vinahusiana nini. Hénoch alifungua boneti, akavua shati, akapangusa sanduku la hewa kona zote, ndani na nje, akarudisha filtre, akakaza vibanio vinne. Ndipo likamjia jambo la chef kutouliza.

"Chef, ulijuaka?"

"Mie njo nilisemaka baandike gari pale," chef alisema, akijifuta uso kwa leso. "Wiki ya kwanza niliisikia gari inakohoa. Nikasema itazoea."

Askari aliuliza mgonjwa ana umri gani. Akaambiwa sitini na minne. Akasema pole, akarudisha karatasi.

Hasira ilimpanda Hénoch. Alitaka kusema maneno, na maneno aliyokuwa nayo yangemfukuzisha kazi, na nani angeitengeneza pikapu kesho? Akayameza. Alimwomba mwenye moto kufuli lake la gurudumu, akalipitisha kwenye vibanio vya sanduku, akalifunga, ufunguo akautia mfukoni.

"Kadena ya nini?" chef aliuliza.

"Ya vumbi, chef."

Chef akawasha, akakanyaga mafuta, akasikiliza. Nguvu ilikuwepo. Akainua mabega, akaondoka.

Kambini, tata Ngandu alikuwa hai. Mama Agar alikuwa amemkalisha mlangoni, anamfuta midomo kwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa chekundu. Miaka thelathini na mmoja alimeza jiwe la kampuni, na sasa kwa mara ya kwanza alikuwa amemeza vumbi la mji. "Iko laini kushinda," mzee alisema alipoweza kusema. Hénoch akaketi chini kwenye kizingiti, na machozi yakamtoka, hakuyazuia.

Jumamosi alipandisha bomba. Alilipitisha pembeni mwa kioo cha mbele, akalifungia kwenye nguzo ya kabini, akaligeuza mdomo nyuma ili lisinywe mvua. Hewa ya juu ya paa ni hewa nyingine kabisa. Tata Ngandu, ameketi mlangoni kwake, alianza kunusa mambo ya mbali. Alisema sasa wake za askari wa Base wanaepua mikate. Alisema lori la samaki wakavu wa Kinkondja limeingia sokoni, na samaki hawakukaushwa vizuri. Kambi ikapata faida yake: kila chef alipokaribia, mzee alinusa jivu la wachoma mihogo wa pale njia panda, ambako pikapu ilikuwa inapita, akatoa habari, na aliyekuwa amesinzia kazini akashika sululu.

Jumapili baada ya ibada walikula bukari na sombe, majani ya mihogo. Chef alikuwa nyumbani kwake, pikapu imeegeshwa kivulini, imetulia. Saa nane mchana Hénoch, upande wake wa ukuta, alisikia kiti kikisukumwa nyuma. Akasikia kitanda kikilia upande mmoja. Kimya kikapita kirefu, mtu akingojea kuona kama pumzi itakatika. Haikukatika. Kisha kitanda kikalia upande wa pili, na mama Agar akacheka kicheko kidogo ambacho Hénoch hakuwahi kukisikia kanisani. Hénoch akachukua kiti chake, akatoka kwenda kukaa uani, kwa heshima.

Jumatatu Mathilde alikuja gereji na daftari la plastiki na karatasi moja ya ziada. Aliifikiria wiki nzima, alisema. Akiandika barua kurugenzi, huenda mzee akarudishiwa namba yake.

Mama Agar, aliyekuwa ameleta mihogo ya kuchoma kwa Hénoch, akasikiliza hadi mwisho.

"Akirudishiwa, kliniki itamupa nini?"

"Itamuandika ku mustari ya bagonjwa. Dawa yenyewe haiko tangu mwaka jana."

"Na gari?"

"Itapata namba ingine."

"Na filtre itafwata namba ya gari."

"Itafwata gari, ndiyo."

Mama Agar akamenya muhogo, akaugawa vipande vitatu, kila mmoja akapata chake.

"Acha vile," alisema. "Mathilde, gari ya kampuni inatumika miaka ngapi?"

"Kumi. Kisha banaikata mu kitabu."

"Hii imemaliza tatu."

"Inabakia saba, mama."

Mama Agar alihesabu kwa vidole, polepole, toka sitini na nne. Alipofika sabini na moja, uso wake ukafunguka wote.

"Saba!" alisema. "Saba iko mingi."

Akajipangusa mikono, akawaaga, akaenda zake nyumbani haraka, kwa sababu saa ya kupumzika mchana ilikuwa imekaribia. Mathilde akaweka daftari juu ya boneti, akatafuta 417, na kwenye safu ya hali akaandika: nzuri. Kisha akapiga muhuri.