Ruhusa ya Kiko

Mimi ni mgomvi, wala sioni haya kulisema. Nimegombana na wauza vitambaa, na wakusanya kodi, na majirani wa kushoto na wa kulia, na zaidi ya wote nimegombana na mume wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mizani kwa sababu ya kazi yake. Alitengeneza mizani ya wauza nyama, ya maduka ya dawa, ya masonara. Mimi nashona mapazia. Tulifanya kazi katika chumba kimoja cha mbele, yeye upande wa dirisha na tupa zake, mimi upande wa ukuta na cherehani yangu, na kutwa ilikuwa kurushiana maneno. Vita vya panzi furaha ya kunguru: wapita njia walisimama wakasikiliza, kisha wakaenda zao wakicheka. Hatukuwa na chuki. Ndivyo tulivyozungumza.

Kifua kilipoanza kumsumbua, miaka iliyopita, alikatazwa kuvuta kiko. Alitii. Akawa anatafuna njiti za kiberiti, na kila alipopita mtu anayevuta, alisogea mlangoni, akanusa, akarudi kwenye kazi yake. Mimi nilimwona, nikajifanya sikumwona.

Mwaka huu kifua kilirudi kwa kishindo. Alilazwa, akapimwa, akapigwa picha, akachomwa sindano mpaka mikono ikavimba. Asubuhi moja daktari, binti mdogo kuliko mwanetu wa mwisho, aliniita nje ya wodi. Alisimama karibu na ndoo ya mfagiaji, akazungumza taratibu.

"Mama, tumefika mwisho wa tunachoweza. Mrudishe nyumbani. Na kama kuna kitu anakipenda, asinyimwe."

"Hata kiko?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo, wakati yalikuwepo mengi ya kuuliza.

Akaniangalia kidogo. "Hata kiko, mama."

Nilimkuta Mizani amekaa ukingoni mwa kitanda, amekwisha kuvaa shati lake la nyumbani, vifungo vimepishana. "Amesemaje?" akauliza.

Nilitaka nianze na lililo jepesi kwanza, ndipo niende kwenye lile lenyewe. Nikasema, "Amesema sasa unaweza kuvuta kiko."

Nilikusudia kuendelea. Lakini uso wake ulifunguka wote, kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa muda mrefu, akanishika mkono akasema, "Si nilikwambia? Si nilikwambia hiki kifua ni cha baridi tu?" Na nani angemlaumu? Aliyekataza alikuwa daktari, na aliyeruhusu alikuwa daktari. Alidhani amepona. Nikamfungua vifungo vya shati, nikavifunga upya sawasawa, na maneno yaliyobaki nikayameza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu mke anayemficha mwenye maradhi.

Tuliporudi nyumbani alikuwa na jambo moja tu kinywani. Katika barabara ya maduka makubwa palikuwa na duka la viko, na dirishani mwake kilikaa kiko kimoja ambacho alikuwa akikitazama tangu alipokuwa haruhusiwi hata kukitazama. Alinieleza pete yake ya fedha, na rangi ya mti wake, kama mtu anayeeleza shamba analotaka kununua. Kisha akakohoa, akasema kwa sauti ya kupima, "Tuna ile akiba ya paa la ukumbi."

"Paa litasubiri," nikasema.

Akaweka tupa chini. "Umesemaje?"

"Litasubiri."

"Mama watoto, una homa?"

Hapo nikaona kwamba upole wangu ndio utakaonisaliti. Kwa paa lile nilikuwa nimepiga kelele msimu mzima. Nikavuta pumzi, nikasema sina homa yoyote, ila namjua, pesa zile hata zikibaki hataweka paa, atazila kidogo kidogo kwa misumari na mafuta ya taa, basi heri zinunue kitu kitakachoonekana. Akacheka, akarudi kwenye kazi yake, ametulia. Tangu siku hiyo kazi yangu ikawa kugombana. Na nikwambie, kugombana kwa kujilazimisha ni kazi ngumu. Kila neno la ukali nililitafuta, mimi ambaye nilizoea kuyazuia.

Siku ya kwenda dukani alinyoa mapema akavaa koti lake la heshima. Lilikuwa limempwaya, mabega yanaelea. Alijitazama kwenye kioo cha kabati akasema, "Koti hili limetanuka kwa kutundikwa."

"Limetanuka kwa sababu hukuliweka vizuri," nikamwambia. "Nitalipunguza."

Alinihimiza kama bwana harusi anayechelewa. Njiani alisimama mara kwa mara mbele ya madirisha ya maduka, kwenye viatu, kwenye vyungu vya maua, hata kwenye duka la vifaa vya shule, akijifanya anatazama huku anatafuta pumzi. Nami nikasimama naye nikamlaumu kwa kupoteza wakati.

Muuza viko alikuwa mtu mrefu, wa sauti ya chini, mwenye kucha safi. Alituketisha mbele ya meza yenye kitambaa kizito cha kijani, akakitoa kiko dirishani, akakilaza mbele ya mume wangu kisha akaondoa mikono yake. Hakusifu kitu. Kiko kilikuwa cha mzizi wa mti mgumu, chenye rangi nyekundu iliyoiva, na michirizi ya mti ilipanda kutoka chini mpaka ukingoni bila kukatika. Pete ya fedha ilikuwa nyembamba kabisa. Hata mimi, nisiyejua lolote la viko, niliona kwamba mtu fulani alikaa na kitu kile muda mrefu.

Mizani hakukitia mdomoni. Alikiweka kiganjani, akafumba macho, akakipima kama alivyopima kila kitu maishani mwake, mkate, barua, hata watoto walipozaliwa. Kisha akakiweka juu ya kidole kimoja, nacho kikatulia, hakikuelemea huku wala kule.

"Aliyekichonga anajua kazi," akasema. "Shika, mama watoto."

Nilikishika. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyodhani, na tayari kilikuwa na joto la mkono wake.

"Nikueleze ukweli, mzee," akasema muuzaji. "Kiko kipya ni kichungu. Kinataka subira. Mwanzoni unakijaza nusu tu, unavuta taratibu, kila siku, mpaka ndani kifanye ukoko kama wa sufuria. Ukoko ukishika ndipo utamu unakuja. Wapo wanaochukua mwaka mzima."

"Mwaka si kitu," akasema Mizani, na akacheka kwa furaha.

Muuzaji akavuta droo. "Kwa wasiopenda kusubiri, huwa nina vichache nilivyovizoesha mwenyewe. Navivuta kila jioni nikifunga duka, kisha navisafisha, navitia midomo mipya. Hiki ni ndugu wa hicho, mti mmoja, fundi mmoja. Ni kitamu tangu mvuto wa kwanza. Ila bei yake imezidi, kwa ajili ya kazi."

"Tunachukua hicho," nikasema.

Mizani akanigeukia akitabasamu. "Nilipe zaidi ili mtu mwingine anivutie kiko changu? Hapana. Nataka kipya."

"Mwaka mzima wa kuvuta uchungu, kwa faida gani? Kitamu hiki hapa, kiko tayari."

"Bei umeisikia lakini?"

"Nimeisikia. Nitaongezea pesa za mapazia."

Nilipolisema tu nilijua nimekosea, lakini neno likishatoka halirudi. Mizani alinitazama, kisha akamwambia muuzaji, bado kwa utani, "Tangu nimuoe mwanamke huyu hajawahi kuchagua cha ghali. Hata pete ya ndoa alinirudisha nayo dukani, tukachukue ya bei ya chini."

Muuzaji akatabasamu kwa adabu. Mume wangu naye alikuwa anatabasamu, na nikaona tabasamu lile likiisha polepole. Alikitazama kiko kipya, akakitazama kilichozoeshwa, akanitazama mimi. Muuzaji, mtu wa busara, akakumbuka kwamba ana makasha ya kupanga nyuma ya pazia.

"Daktari alisema nini hasa?" akaniuliza Mizani.

"Nilikwambia."

"Uliniambia habari ya kiko. Nakuuliza alisema nini."

Katika miaka yetu yote sikuwahi kumwogopa mume wangu, na siku ile nilimwogopa, kwa sababu aliuliza bila hasira. Nikasema, "Alisema usinyimwe kitu unachokipenda."

"Hayo tu?"

"Alisema wamefika mwisho."

Hakupiga kelele. Mikono yake ilibaki juu ya kitambaa cha kijani, mmoja kila upande wa kiko. Nje gari lilipiga honi, likapita.

"Nusu yake nilikuwa naijua," akasema. "Uliposema paa litasubiri. Nikaamua nisijue nusu ya pili." Akakigusa kiko kwa kidole. "Lakini sikulaumu. Siku hizi chache nimefurahi, mama watoto. Nimelala nikiwaza kiko, nimeamka nikiwaza kiko, kama kijana. Ungeniambia pale wodini, nisingezipata."

Akamwita muuzaji. "Nachukua kipya."

"Mume wangu," nikasema, "kitakuwa kichungu mpaka..."

"Kitakuwa kichungu, ndiyo. Lakini kitakuwa changu. Cha tayari ni cha mtu aliyekwisha kufika. Mimi nataka kuanza." Kisha akaniinamia, akasema taratibu, ili niyasikie mimi tu. "Na wewe usinionee huruma. Huruma yako inanitisha kuliko hiki kifua. Usiponigombeza najiona nimeshazikwa. Sasa nipiganie bei."

Nilifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nikamgeukia muuzaji, nikamwuliza pete ile ni fedha kweli au ni bati lililosuguliwa. Nikamwuliza kama dirishani kitu hakipigwi jua, na kama kilichopigwa jua bado ni kipya. Nikamwonyesha alama karibu na ukingo, ambayo mpaka leo sina hakika kwamba ilikuwepo. Maskini alishangaa, maana dakika chache zilizopita mwanamke huyuhuyu alitaka kumwongezea pesa. Alishuka kidogo. Nikainuka kana kwamba naondoka. Akashuka tena, akaongeza na kopo la tumbaku. Wakati wote huo Mizani alikaa kitini amefumba macho, na kiko mkononi, akinisikiliza.

Nyumbani hakuvua hata koti. Alikaa kwenye meza yake ya kazi, akakijaza kiko nusu kama alivyoelekezwa, akashindilia kwa kidole gumba, akawasha. Mvuto wa kwanza ulimpa kikohozi kirefu, kikohozi cha kuinamia meza, mpaka vijiwe vya mizani vikagongana kwenye sanduku lao. Nilisimama nyuma yake na bilauri ya maji. Kilipomwachia, midomo yake ilikuwa imekunjamana.

"Kichungu?" nikauliza.

"Kichungu mno."

Nilitaka kupiga magoti pale pale sakafuni nimshike miguu. Lakini aligeuza kichwa akanitazama, akangoja, na nilijua anangoja nini.

"Sasa unakunja uso wa nini?" nikasema. "Cha tayari kilikuwepo, ukajifanya bingwa. Vuta uchungu wako ulioununua kwa pesa zako. Na hayo majivu yasianguke kwenye mapazia ya watu, sifui mara mbili."

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Nikamwambia habari ya kukoroma kwake, na ya misumari anayoiacha sakafuni inichome, na ya dada yake aliyeazima pasi yangu akairudisha imeungua, na yeye akamtetea. Nilipandisha sauti mpaka mtu akasimama dirishani. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, na Mizani alinijibu kila neno, kidogo kidogo, akipumzika katikati kuvuta.