Mpangaji Yumo Ndani

Asubuhi hiyo Dobi alilipiga pasi shati la Bwana Makufuli kwa hasira mpaka kola ikasimama yenyewe. Kazi ni kazi, hata kama shati ni la mtu unayemuombea mabaya. Paka wake alikuwa amejilaza juu ya mashuka ya wateja, mahali alipokatazwa siku zote, na Dobi hakumfukuza. Tangu yale yaliyompata, paka huyo hakatazwi kitu.

Paka anaitwa Mpangaji. Jina la utani tu: alihamia bila kumuuliza mtu, akajichagulia kona, na kodi halipi. Utani huohuo nusura umuue.

Ilikuwa hivi. Dobi ana sukari. Siku moja ilimshuka akiwa sokoni, akaanguka, akapelekwa hospitali hajitambui. Msimamizi wa nyumba, huyo tunayemwita Bwana Makufuli, aliposikia akaja na kufuli lake kulipachika mlangoni kwa Dobi. Ndiyo desturi yake: mpangaji akilazwa, chumba kinafungwa, eti kulinda mali. Jirani, Mama Pacha, akamwambia, "Baba, usifunge. Mpangaji yumo ndani."

"Mpangaji yuko hospitali," akamjibu. "Usinichezee akili." Akafunga, akaenda zake.

Haya, tuseme siku ile hakuelewa. Lakini Mama Pacha alimfuata akamweleza kwamba Mpangaji ni paka, na yeye akasema paka hayumo kwenye mkataba. Chumba cha Bwana Makufuli kinatazamana na cha Dobi. Paka alilia usiku, akalia mchana, akiishi kwa bakuli la maji ya kunyunyizia nguo. Dobi aliporudi alimkuta mwepesi kama soksi, makucha ya mbele yameng'oka. Akalia, na tangu hapo akawa anataka yule mtu aumie. Si kidogo.

Daktari alikuwa amemwambia wazi: itatokea tena. Dawa zimepanda bei, na Dobi anaruka dozi. Kwa hiyo akajipanga. Kwenye pochi akatia karatasi: nikianguka, nina paka chumbani, mpigieni jirani. Mama Pacha akakubali kukaa na ufunguo wa akiba na kumlisha, ingawa naye ana mzigo wake, mama yake mzazi aliyelala kitandani tangu kiharusi kimpige. Kikabaki kikwazo kimoja tu, nacho kilikuwa kinangoja shati.

"Shati lako hili," Dobi alimwambia. "Na nina neno. Siku nikianguka tena, usinifungie chumba. Mama Pacha ana ufunguo."

Bwana Makufuli akaikagua kola. "Ufunguo kwa mtu baki? Kikipotea kitu je?"

"Kitapotea cha kwangu."

"Sheria ya nyumba ndiyo hiyo, dada. Tena huyo paka, nikimtaja tu kwa mwenye nyumba, mnatoka wote wawili."

"Alikuwa analia. Ulimsikia."

"Nilimsikia," akasema, akilitundika shati. "Nikajua atachoka."

Dobi akageuka, akatoka. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya mtaa kushtaki. Karani akamuuliza anayemtegemea ni nani. Aliposema ni paka, karani akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie na yeye.

"Mama, binadamu wenyewe hawana wa kuwaangalia," karani akasema akijifuta machozi ya kicheko. "Basi lete picha mbili ndogo za mtegemezi wako. Paspoti, masikio yote yaonekane."

Njiani alitembea akisaga meno. Aliwaza kumuunguzia suruali zote. Aliwaza kumtilia gundi kwenye kila kufuli alilonalo. Dawa ya moto ni moto. Kisha akakumbuka kwamba wezi walipovunja mlango wa zamani, mwenye nyumba alikataa kuutengeneza, na huu wa sasa Dobi aliununua mwenyewe. Akageuza njia, akaenda kwa fundi seremala.

Kufikia jioni fundi alikuwa anafungua skrubu za bawaba. Nguo za wateja zilishafungiwa ndani ya sanduku la bati. Pazia lilikuwa tayari. Bwana Makufuli akatoka kwake mbiombio.

"Unafanya nini?"

"Nauhamisha mlango wangu," Dobi akasema. "Mimi nabaki. Wewe kufuli unalo, tafuta pa kulipachika."

"Utaibiwa."

"Najua."

Alijua kweli. Atalala usingizi wa kuku, akiogopa kila kishindo. Lakini kumwona yule mtu ameduwaa na funguo zake mkononi kulimpa raha ambayo hakuwa ameipata kwa miezi, na hakuona haya.

Mlango ukatolewa ukumbini. Upande wa ndani ulikuwa umeparuliwa kuanzia chini hadi kimo cha goti, rangi imeisha, mbao zimebaki nyeupe, na pengine pana damu iliyokauka. Wapangaji wakatoka kutazama. Mama Pacha akainama, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo.

"Baba," akamwambia Bwana Makufuli kwa upole tu, "mimi natoka alfajiri, narudi usiku. Mama yangu yumo humo siku nzima, hawezi kuinuka, na sauti yake haifiki mbali. Na yeye hayumo kwenye mkataba. Siku nikianguka mimi?"

"Mama mzazi ni kitu kingine," akasema. "Lakini kabla ya kuacha mlango wazi, lazima nimuulize mwenye nyumba."

"Umuulize?"

Kila mtu ukumbini alingoja aseme hapana, hatafunga, neno jepesi kabisa, na halikumtoka.

Mama Pacha akasimama.

"Fundi," akaita, "ukimaliza hapo, njoo na kwangu."